Ibara Mbili Barazani

Nakala yangu ya Katiba ya 1977 imetoka jalada, na ina doa la kahawa. Doa ni la mjomba wangu. Aliimwagia barazani kwetu Ngamiani, Tanga, jioni tuliyobishana juu ya neno moja: kujitegemea.

Mjomba alikata mkonge Korogwe. Zao hilo lililetwa pwani hii na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mashamba mengi yakataifishwa. Baadaye yakaanza kubinafsishwa.

"Tuliambiwa shamba letu, tukapiga makofi," alisema. "Baadaye tukasikia lina mwenyewe. Mara zote mbili, mie nilikuwa nimeshika panga, sikuulizwa kitu."

Nikamsomea ibara ya 9. Inataja Ujamaa na Kujitegemea, tena inataka njia kuu za uchumi zisirundikane kwa watu wachache. Mjomba akatabasamu. Nikarudi ibara ya 7: malengo hayo hakuna mahakama inayoweza kuyatilia nguvu.

"Kumbe pambo?" Hapo ndipo kahawa ilipomwagika.

Nikaruka hadi ibara ya 21(2): kila raia ana haki ya kushiriki kikamilifu katika maamuzi yanayomhusu yeye, maisha yake au Taifa. Hii imo katika sehemu ya haki, na ibara ya 30(3) inamruhusu mtu kuidai Mahakama Kuu. Ajabu yake ni hiyo: ndoto ya uchumi wetu haina meno, lakini haki ya kuulizwa inayo.

Mjomba akanyamaza kidogo. "Na wewe, mkutano wa mtaa juzi ulisema nini?"

Nilitamani asiulize. Ulikuwa wa michango ya ujenzi. Nilisaini mahudhurio, nikatoroka kwenda kuangalia mpira. Muhtasari ukaandika kwamba wote tumekubali, na mimi nimo. Kumbe miaka yote tumefundishwa kujitegemea kwa jasho na mfuko, sauti tukaiacha nyumbani. Yeye alinyimwa nafasi ya kusema. Mimi nilipewa, nikaitupa.

Jumamosi kuna mkutano mwingine, wa mapato na matumizi. Mjomba kaniambia nimpitie saa tatu kamili, na kitabu nisikisahau.