Harufu Iliyotoka Darini



Juma hili naomba mnivumilie, kwa maana nitazungumza habari za taa. Ni taa nane za dari la sebule ya mama yangu, kule Kibosho, na ni habari pia ya binti mmoja aliyelaumiwa kwa miezi mingi kwa kosa ambalo, kumbe, lilikuwa langu.

Nyumba ile aliijenga marehemu kaka yangu kwa ajili ya wazazi wetu. Enzi hizo kila aliyerudi kujenga nyumbani alitaka dari la jipsamu lenye maua pembeni na taa ndogo zilizozamishwa ndani yake, zile ambazo mafundi wetu huziita spotilaiti. Zilipowashwa mara ya kwanza majirani walikuja kuzitazama. Marehemu baba alizisifu sana, akasema ni kama nyota, kisha akaomba chumbani kwake awekewe balbu moja ya kawaida ili aweze kuona viatu vyake.

Zilikuwa taa za halojeni za volti 12, kila moja ikiwa na transfoma yake ndogo iliyolazwa juu ya dari. Miaka mitatu iliyopita zilianza kufa moja baada ya nyingine. Nilikuwa likizoni, nikajitwika kazi ya kuzibadilisha mwenyewe. Zilizokuwamo zilikuwa za wati 35. Pale dukani Moshi mjini sikuzipata, nikachukua za wati 50, nikijiambia kwamba macho ya Mama yamechoka na mwanga zaidi hautamdhuru. Ndani ya kila fremu palikuwa na maandishi madogo yaliyotaja kikomo cha wati. Sikuyasoma. Mtu aliyesoma falsafa na teolojia kwa miaka saba anaweza kabisa kupita juu ya maandishi ya milimita mbili bila dhamiri yake kushtuka.

Miezi kadhaa baadaye Mama alianza kunilalamikia kwenye simu. "Padri, huyu binti ananiunguzia sufuria, halafu anakataa." Mwenyewe aliyashuhudia: kila jioni, walipokuwa wamekaa sebuleni, harufu ya kitu kinachoungua ilijaa nyumba. Binti aliapa kwamba jikoni hakuna kilichoungua. Nilipokwenda kuwasalimu, alinifuata nje, akasimama na mikono nyuma kama mtu aliye mbele ya mwalimu, akaniambia, "Baba Padri, ile harufu inatoka juu." Nilimjibu kwamba juu kuna panya tu, na kwamba awe mwangalifu na moto wa jikoni. Nilitabasamu nilipokuwa nikisema hivyo. Tabasamu hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko maneno yenyewe.

Jumatatu iliyopita, siku yangu ya mapumziko, nilipanda tena Kibosho kwa sababu taa tatu zilikuwa zimezima. Safari hii nilikwenda na balbu za LED za volti 12, za wati 5 kila moja. Nilidhani kazi itakuwa ya dakika kumi: kutoa ya zamani, kuchomeka mpya, kunywa chai. Nikazima umeme kwenye swichi kuu, nikazibadilisha zote nane, nikawasha. Zikapepesa macho kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Mbili hazikuwaka kabisa. Mama, akiwa kitini, akauliza kama ndivyo zinavyotakiwa kuwa.

Nikamwita fundi umeme wa kijijini, kijana ninayemfahamu tangu akiwa mtumishi wa altare. Alinieleza jambo ambalo ningeweza kuuliza dukani. Transfoma zile zilitengenezwa kwa balbu za halojeni, nazo hazifanyi kazi sawasawa mpaka zibebe mzigo wa kutosha. Aliniangazia tochi kwenye moja iliyokuwa ikining'inia tunduni: imeandikwa kuanzia wati 20 hadi 60. Balbu ya wati 5 kwake ni kama hakuna kitu. Kisha akapanda juu ya dari kupitia mlango mdogo wa koridoni. Tukasikia akitambaa juu ya mbao. Halafu kukawa kimya, halafu akaniita nipande.

Sijui niwaelezeje. Panya walikuwa wamebeba majani makavu ya migomba na vipande vya magunzi, wakajenga viota vyao mahali penye joto zaidi, yaani pembeni mwa zile taa. Juu ya taa mbili, ganda la waya lilikuwa limekauka na kupasuka hata shaba ikaonekana. Kishikizo kimoja kilikuwa cheusi. Kipande cha mbao cha fremu ya dari kilichokuwa kando yake kilikuwa na doa la rangi ya kahawa iliyokaangwa kupita kiasi. Fundi hakunilaumu. Alichukua jani moja la mgomba, akalivunja kati ya vidole, likawa unga.

Jipsamu yenyewe haishiki moto kwa urahisi, kwa kuwa karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya madini hayo. Lakini jipsamu haikai hewani. Inashikiliwa na mbao, na juu yake hupita nyaya. Plastiki ya kawaida inayofunika nyaya za majumbani imekusudiwa kuvumilia joto la nyuzi 70 hivi. Kioo cha kapsuli ya halojeni hupita nyuzi 250 inapowaka, na kile kioo cha nyuma cha balbu za aina ile kimetengenezwa kurudisha mwanga mbele na kuliachia joto jingi lipite nyuma. Aliyeketi sebuleni hupata mwanga usiomchoma. Dari ndilo linalopokea tanuri. Ongeza na hili: wati 50 katika volti 12 ni zaidi ya ampea 4, kwa hiyo muungano wowote uliolegea kwenye kishikizo nao huchemka. Nilipopandisha wati kutoka 35 hadi 50, niliongeza joto lile na mkondo ule kwa pamoja, katika tundu lisilo na hewa, karibu na kiota cha panya. Halafu nikarudi parokiani kwangu kulala.

Tuliondoa kila kitu. Transfoma zote nane zilitolewa, nyaya zilizoungua zikakatwa na kubadilishwa, viota vikashushwa kwa ndoo. Mahali pake fundi aliweka vishikizo vya volti 230, vyenye kufungwa kwa kusukuma na kuzungusha, pamoja na balbu za LED za wati 5. Kabla ya kununua fremu mpya alipima matundu kwa futi, kwa sababu tundu likizidi fremu hata kidogo hakuna namna ya kulificha isipokuwa kuziba na kupaka rangi upya. Yeye alipendelea zile taa bapa zinazokuja zikiwa zimeungwa moja kwa moja na LED yake. Nilikataa. Zile zikifa hutupwa zote na fundi huitwa tena, lakini balbu yenye kishikizo chake mtu yeyote mwenye kiti imara ataibadilisha, mradi azime umeme kwanza. Aliniasa pia nisidhani LED haina joto. Nayo huhitaji nafasi ya hewa nyuma yake, la sivyo hufa mapema.

Pakazuka mjadala wa rangi. Fundi alikuwa ameleta balbu za mwanga mweupe sana, zile za kelvini 6500 zinazojaa madukani kwetu. Tulipowasha moja, Mama alifunika macho akasema amehisi yuko wodini akisubiri daktari. Zikarudishwa, zikaletwa za kelvini 3000, zenye manjano kidogo kama taa za zamani. Hizo alizikubali. Kuhusu LUKU, hesabu ilimfurahisha kuliko rangi: taa nane za wati 50 kwa saa tano za jioni hula uniti 2, na hizi mpya hula uniti 0.2. Alinifanya niirudie hesabu hiyo mara mbili.

Baada ya fundi kuondoka nilimwambia Mama ukweli. Nilimwambia kwamba harufu ile ilikuwa ya taa zangu, kwamba binti alikuwa ameniambia nami sikumsikiliza. Mama alinyamaza muda mrefu, akiitazama sakafu. Akasema, "Basi mwite." Binti alikuja akijifuta mikono kwa kanga, akidhani anaitiwa kosa jingine. Nilimwomba msamaha mbele ya Mama, na Mama naye akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mwanangu, nilikuonea."

Hakujua pa kutazama. Alisema hakuna neno, Bibi. Kisha, alipoona bado tunamtazama, akauliza kama katika taa tulizonunua imebaki hata moja, kwa sababu chumbani kwake balbu iliungua tangu Kwaresma na amekuwa akitumia tochi ya simu.

Zilikuwa zimebaki mbili, lakini za kuzamisha darini. Chumba chake hakina dari, kina waya unaoning'inia kutoka kwenye kenchi. Nikachukua funguo za gari, nikateremka hadi dukani kabla hawajafunga.