Mtoto, Kitabu na Historia: Mfano wa Nyumba Moja ya Komarock

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutajwa mno katika makala za wanafunzi wa Kiswahili, na aghalabu hutajwa bila kuulizwa swali linaloandamana nayo: mtoto ambaye hajaonyeshwa asili yenyewe, ataiachaje? Chukua mtoto wa Komarock. Mtaa wake haujatimiza nusu karne. Nyumba zimepangwa safu kwa safu, kila ua na lango lake la chuma, na majirani wametoka kila pembe ya Kenya. Hata jina la mtaa ni la kuazima. Ni la kilima kilichoko mbele kwenye Barabara ya Kangundo, upande wa Machakos, ambacho watoto wengi wa mtaa huu hawajakiona. Lugha yao ya mchezo ni Sheng, ya darasani ni Kiingereza, na ya nyanya zao wanaijua nusunusu. Katika mazingira kama haya, historia huwa somo tu, tena somo la kupita.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mkazi wa mtaa huo na mama wa watoto wawili, alilitambua jambo hili siku bintiye wa miaka 11 alipoleta nyumbani karatasi ya mtihani iliyojaa alama za vema. Mama akamwuliza Mekatilili wa Menza alikuwa nani hasa. Binti akajibu pasi na kusita, "Ni jibu la swali la saba, mama."

Hakuwa amekosea. Alikuwa amefunzwa kwamba historia ni orodha ya majina na miaka, na orodha hiyo aliimudu barabara. Lakini mama, ambaye mwenyewe hufundisha watoto wa watu, hakulala vizuri usiku ule.

Jumamosi iliyofuata alikwenda mjini akarudi na kijitabu cha Elizabeth Mugi-Ndua kuhusu Mekatilili, kilichochapishwa na Sasa Sema mwaka wa 2000. Ni kitabu cha Kiingereza. Kila jioni, baada ya chakula, alikifungua na kukisimulia kwa Kiswahili, binti upande mmoja na kaka yake wa miaka 8 upande wa pili. Watoto wakasikia jinsi mwanamke huyo wa Kigiriama alivyowakusanya watu kwa ngoma ya kifudu mwaka wa 1913, wakati serikali ya kikoloni ilipodai kodi ya nyumba na vijana wa kufanya kazi. Wakasikia kisa kisimuliwacho cha kuku na vifaranga, jinsi alivyomwambia afisa Arthur Champion ajaribu kumchukua kifaranga mmoja aone mama yake atafanya nini. Hapo mvulana alicheka hadi akapaliwa.

Kilichowanasa zaidi, hata hivyo, kilikuwa safari. Mekatilili na mwenzake Wanje wa Mwadorikola walikamatwa mwishoni mwa mwaka wa 1913 wakapelekwa Kisii, na mapema mwaka wa 1914 wakatoroka wakarudi pwani. Binti alileta ramani ya shule, wakapima kwa uzi. Kutoka Kisii hadi pwani ni takribani kilomita 800 kwa barabara za leo. Mvulana akauliza, "Alilala wapi? Alikula nini? Hakuogopa simba?"

Maswali haya hayamo katika mtihani wowote, na pengine ndiyo maswali ya kwanza ya kihistoria aliyowahi kuyauliza mtoto yule. Mtoto huingia katika historia kwa tumbo na kwa nyayo. Kwanza atataka kujua mtu alikula nini, ndipo atakapojali alipigania nini. Mama angeweza kubuni jibu, kwani fasihi yetu imejaa mapango na matunda ya mwituni. Hakubuni. Aliwaambia kwamba kitabu hakisemi, na kwamba mtu akitaka kujua itambidi atafute waliosimuliwa na waliokuwapo. Tofauti baina ya bunilizi na maandishi yasiyo ya kubuni, ambayo wanachuo huihangaikia kwa istilahi nzito, ilieleweka pale mezani kwa sentensi moja.

Hapa panazuka suala linalowahusu wasomaji wa jarida hili. Kwa nini mama huyu alilazimika kuwa mfasiri jikoni kwake? Kiswahili si lugha changa katika uandishi wa mambo ya kweli. Mtoro bin Mwinyi Bakari aliandika juu ya desturi za Waswahili, na kazi hiyo ikachapwa mwaka wa 1903. Tippu Tip alieleza maisha yake kwa Kiswahili. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad. Nchini Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya umma husoma historia ya nchi yake kwa Kiswahili. Nchini Kenya, tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka wa 1985, Kiswahili kilipewa heshima ya kutahiniwa kwa lazima, lakini mambo ya nchi yakaendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Wachapishaji nao wakafuata mkondo: hadithi za sungura na fisi kwa Kiswahili, maisha ya watu halisi kwa Kiingereza. Mtoto akajifunza, bila kuambiwa na mtu, kwamba Kiswahili ni lugha ya wanyama wanaosema. Dosari hii ni yetu wenye lugha kuliko ya serikali.

Mfano ni kisa cha mwaka wa 1938, ambapo Wakamba kwa maelfu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi kupinga kunyang'anywa mifugo yao, wakapiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa. Muindi Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini mpango wa kupunguza mifugo ukaachwa. Kwa mtoto ambaye dirisha lake linatazama Barabara ya Kangundo, hiki ni kisa cha nyumbani. Mwalimu yule hakupata dukani kitabu cha Kiswahili cha watoto kinachokieleza.

Alichopata, kwa kuazima, ni *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, kilichotoka mwaka wa 1934. Si kitabu cha watoto, ila lugha yake ni nyepesi na mambo yake ni mazito: watu kutekwa, kufungwa, kusafirishwa, na hatimaye kukombolewa na kupewa makao Freretown, Mombasa. Watoto walisikiliza kwa utulivu usio wa kawaida. Wahakiki wamekilaumu kitabu hiki kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, na mama aliijua lawama hiyo tangu chuoni. Hakuitaja. Aliyeigundua ni binti. "Mama, kama Waingereza waliwafungua watumwa, mbona walimfunga Mekatilili?"

Vitabu viwili vilikuwa vimewekwa kando kwa kando, na mtoto wa miaka 11 akaona mahali visipoafikiana. Mama alichukua karatasi akaandika miaka. Mwaka wa 1873, Sultani Barghash akubali kufunga soko la watumwa la Unguja kwa shinikizo la Uingereza. Mwaka wa 1913, Wagiriama wadaiwa kodi na vibarua na Uingereza iyo hiyo. Mwaka wa 1914, Kaya Fungo yalipuliwa kwa baruti. Kisha akamwachia binti karatasi. Huenda wapo watakaosema kwamba mzigo huo ni mkubwa kwa mtoto. Lakini swali lilikuwa lake, na aliyeuliza swali lake mwenyewe hachoshwi upesi na jibu.

Siku moja wakiwa katika matatu, kwenye Barabara ya Jogoo, binti alisoma kibao akapiga kelele: "Mbotela! Kama kwenye kitabu!" Mama akaeleza kwamba mtaa ule uliitwa kwa jina la Tom Mbotela, kiongozi aliyeuawa mwezi wa Novemba mwaka wa 1952, wiki chache tu baada ya Hali ya Hatari kutangazwa. Mtaa wa Ofafa nao uliitwa kwa jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka wa 1953. Nani aliwaua? Mama alisita, kwa kuwa gari lilijaa watu, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba inaaminika ni Mau Mau. Walipofika mjini walipita chini ya sanamu ya Dedan Kimathi, iliyozinduliwa mwaka wa 2007. Binti aliitazama kwa muda asiseme neno.

Alisema nyumbani. Pale nyumbani anaishi nyanya mzaa baba, mwenye umri wa karibu miaka 90, ambaye mumewe marehemu aliwekwa kizuizini katika kambi ya Manyani, karibu na Voi. Binti aliuliza kama watoto waulizavyo: "Nyanya, ni kweli Mau Mau walimwua Ofafa?"

Nyanya hakujibu. Baba ndiye aliyejibu, tena kwa ukali usio wake. Alimwambia mkewe kwamba mambo ya kale yana moto chini ya majivu, kwamba mtaa huu una watu wa kila kabila, na kwamba mtoto atakwenda kuyasema nje. Hakuwa anazungumza hewani. Yeyote aliyeishi Eastlands mwanzoni mwa mwaka wa 2008 anakumbuka jinsi jirani alivyoweza kugeuka mgeni kwa usiku mmoja. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, kwa upole, mtoto atakapoyasikia nje kabla ya kuyasikia ndani, atayasikia kwa nani, na yatakuwa na mwaka gani.

Mjadala huo haukuisha. Kila mmoja ana haki yake, na mwenye kuandikia watoto historia ya Kenya hana budi kuwasikia wote wawili. Hata hivyo, hoja ya mama ina uzito zaidi, kwani uvumi haungoji mtoto akue. Kitabu, hata kikikosea, husimama palepale mtu akakirejea na kukipinga.

Kwa wiki mbili vitabu havikusomwa mezani. Watoto walipelekwa maktaba ya Kaloleni, mojawapo ya maktaba zilizokarabatiwa na shirika la Book Bunk lililoanzishwa mwaka wa 2017, wakasoma walichotaka. Ni nyanya aliyevunja kimya. Jioni moja alimwita mjukuu akamwambia, "Babu yako alikaa Manyani miaka mitatu. Aliporudi hakuwahi kuniambia alikula nini. Siku moja tu alisema uji ulikuwa na mchanga."

Binti alikimbia kuchukua daftari. Nyanya husimulia kwa Kikuyu akichanganya na Kiswahili cha sokoni, baba humfasiria anapokwama, naye binti huandika kwa Kiswahili, akimwuliza mama msamiati. Mvulana amepewa kazi ya kuchora. Kurasa tisa zimekwisha kuandikwa. Juzi nyanya alitaka asomewe tangu mwanzo, akasikiliza amefumba macho, na walipofika mahali pa uji akamkatiza msomaji. Hapakuwa na vikombe, alisema. Ulikuwa mkebe mmoja, na ulipitishwa kwa watu wanne. Binti akafuta, akaandika upya.