Mlango wa Sukari

Streptozotosini ni sumu inayopita kwa sura ya sukari. Hutengenezwa na bakteria wa udongoni: ni glukosi iliyobebeshwa kipande kidogo chenye madhara. Seli za beta za kongosho, zinazotengeneza insulini, huingiza glukosi kupitia mlango uitwao GLUT2, na kwa panya milango hiyo ni mingi. Sumu inapiga hodi, inakaribishwa kama mgeni wa kila siku, kisha inaharibu DNA. Seli inajitahidi kuikarabati, na katika kazi hiyo inamaliza akiba yake ya nishati. Inakufa ikijitibu.

Haya niliyasoma darasani. Maabara, mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, niliyafanya kwa mikono. Unga huyeyushwa kwenye bafa ya sitreti yenye pH 4.5 na kudungwa papo hapo, maana huvunjika upesi. Usiku wa kwanza tunawawekea panya maji ya glukosi, kwa sababu seli zinazokufa humwaga insulini yao kwa mpigo na sukari inaweza kushuka hadi kuua. Siku ya tatu tunachukua tone la damu kwenye ncha ya mkia. Kipimo kinasoma zaidi ya milimoli 16 kwa lita. Maranda ya vizimba yamelowa mkojo. Hapo tunaanza kuwanywesha dondoo la majani ya mlonge.

Bibi yangu ana kisukari cha aina ya pili. Nilipomweleza kazi yangu, aliuliza jambo moja: "Mume wangu, hao panya wakipata nafuu kwa mlonge, niache vidonge?"

Hapana, Bibi. Panya wetu wamepungukiwa insulini kwa sababu tumeua seli zao. Wewe insulini unayo. Mwili wako ndio umeacha kuisikia. Hata mlango si uleule: seli za beta za binadamu zina GLUT2 chache. Dawa hiyohiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1982 kutibu saratani ya kongosho.

Jina la tasnifu yangu linasema "kisukari kilichosababishwa na streptozotosini." Msimamizi anaona maneno matatu ya mwisho yanalirefusha bure. Nimeyaacha palepale. Yapo kwa ajili ya mtu atakayesoma jina tu, kisha akampigia bibi yake simu.