“Je, naweza tena kubeba bidoni?” Jibu langu kwa mama aliyetuandikia



Wiki tatu zilizopita, kipindi chetu cha afya kilipokwisha, simu ya studio ilipokea ujumbe wa mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Kalehe. Sasa anakaa na watoto wake katika familia iliyowapokea hapa Kadutu. Aliandika hivi: “Dada mwandishi, walinikata titi la kushoto mwaka jana. Dawa nimemaliza. Nyumbani wanasema mkono huu usifanye kitu tena mpaka nife. Lakini nina watoto watano, na robine iko chini ya mlima. Je, naweza tena kubeba bidoni?”

Nilisoma ujumbe ule mara nne, lakini sikuusoma redioni. Sababu ni kwamba swali lake lilikuwa langu pia. Wenzangu wa kazini wanajua, ninyi hamjui: mimi nilipasuliwa titi la kulia mwezi wa Novemba 2023, nikiwa na miaka 34. Sauti yangu ilipopotea hewani miezi mingi, wengine walisema nimehamia Kinshasa, wengine walisema nimeolewa. Nilikuwa kwenye shimio.

Leo namjibu yule mama, na wengine wote walio kama yeye, walio hapa mjini na walio mbali, hata kule Musenyi, Burundi, ambako najua mnatusoma. Nitaanza na makosa yangu mawili, kwa kuwa ndiyo yaliyonifundisha.

Kosa la kwanza: niliuogopa mkono wangu

Nilipotoka hospitali, hakuna aliyenieleza nifanye nini na mkono. Mama yangu aliufunga kwa kitenge shingoni akasema, “Mwanangu, acha upumzike.” Shangazi akaongeza kwamba mkono wa mtu aliyekatwa titi ukisumbuliwa, ugonjwa unaamka. Walisema kwa upendo, nami nilitii. Sikufua, sikusonga bugali, hata nywele nilisukwa nikiwa nimeuficha mkono kama kuku mwenye bawa lililovunjika. Miezi sita ilipita hivyo.

Kisha ikaja zamu ya mionzi. Mashine hiyo hatuna hapa Bukavu, kwa hiyo nilivuka Ruzizi, nikapita msitu wa Nyungwe hadi Kigali, na pesa zilizokusanywa na ukoo mzima. Nililala juu ya meza. Fundi akaniambia niweke mkono juu ya kichwa, kwa kuwa titi likitibiwa kwa mionzi, mkono lazima ukae juu usizuie njia. Mkono haukupanda. Ulifika usawa wa bega, ukagoma. Nilisukuma mpaka machozi yakatoka. Bega lilikuwa limeganda.

Ilibidi nikae karibu wiki mbili zaidi, nikilipia chumba na chakula, nikifanyiwa kine kila siku kabla ya mionzi kuanza. Yule mama wa kine alinisimamisha mbele ya ukuta, akaniambia nitembeze vidole juu kama buibui, polepole, mpaka nihisi ngozi inavutika. Siyo mpaka maumivu makali, mpaka kuvutika tu. Hapo tunasimama, tunapumua, tunashuka. Alinieleza kwamba kidonda kikipona, kinavuta ngozi na misuli pamoja, na mkono usiposogezwa unazidi kufungwa. Hata mionzi yenyewe inakaza nyama za mahali pale kwa miezi, pengine miaka. Ndiyo maana kunyoosha mkono hakuishi siku dawa inapokwisha.

Kosa la pili: niliusahau mkono wangu

Nilirudi nyumbani nikaendelea vizuri. Kila asubuhi nilitembeza vidole ukutani, na mahali vilipofika nilichora mstari kwa kipande cha makala. Mistari ilikuwa ikipanda. Nilianza kazi tena.

Mnakumbuka Februari 2025. Siku zile kabla ya Jumapili tarehe 16, siku AFC/M23 waliposhika mji, kila nyumba ilikuwa ikiweka maji, unga na makala. Nami nilishuka robineni. Nilibeba bidoni ya lita 20, nikapanda nayo. Nikarudi kubeba ya pili. Mkono wa kulia, ule ule. Lita 20 za maji ni kilo 20, na tangu upasuaji sikuwa nimebeba hata kilo tatu.

Kesho yake kamba ya saa ilinibana. Siku ya pili mkono ulikuwa mzito kama umejaa mchanga, na nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Barabarani hakuna anayetembea, nami nimekaa ndani nikiutazama mkono wangu. Ulipungua baada ya wiki nyingi za matibabu, lakini mpaka leo kidole cha pete kimebaki kinene kidogo.

Kwa nini mkono unavimba

Sisi wa Bukavu tunaelewa jambo hili haraka, kwa sababu tunajua mvua inafanya nini kwenye mlima usio na mifereji. Mwilini pia kuna maji yanayotembea katika mifereji midogo, madaktari wanayaita limfu. Maji ya mkono yanapita kwenye tezi za kwapani. Upasuaji wa kansa ya titi mara nyingi unaondoa baadhi ya tezi hizo, na mionzi inaweza kuziumiza zilizobaki. Mifereji ikipungua, maji yakija mengi kwa ghafla yanakwama. Ndiyo uvimbe.

Lakini maji hayo hayana pampu kama moyo. Misuli inasaidia kuyasukuma inapokaza na kulegea. Kwa hiyo mkono uliofungwa na kitenge haulindwi: msaada huo wa misuli umezimwa. Na mkono unaobebeshwa kilo 20 siku moja unaletewa mvua kubwa ambayo mifereji yake haijaizoea.

Zamani hata madaktari walikataza. Waliwaambia wanawake wasibebe mzigo wala kufanya kazi nzito ya mikono maisha yao yote. Mwaka 1996 huko Vancouver, Kanada, daktari mmoja wa michezo, Don McKenzie, aliwachukua wanawake 24 waliotibiwa kansa ya titi, akawafanyisha mazoezi polepole, kisha akawaweka kwenye mtumbwi mrefu wapige kasia. Kasia, ndugu zangu! Kazi ya mabega na mikono, kama wavuvi wetu wa ziwa Kivu. Hakuna hata mmoja aliyevimba mkono kwa sababu ya kasia. Mwaka 2009, Kathryn Schmitz na wenzake huko Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 141 ambao tayari mikono yao ilikuwa imevimba. Wale walioinua vyuma mara mbili kwa wiki, wakianza na uzito mdogo sana na kuongeza kidogo kidogo, uvimbe wao haukuzidi kuliko wa wale ambao hawakuinua. Tena walipata nguvu, na matatizo ya mkono yaliwapungukia. Lakini angalieni: walikuwa na mtu wa kuwafundisha, na walivaa soksi ya mkono inayobana.

Nilivyoanza upya

Safari hii nilianza kama mtoto. Kwanza kutembea. Dakika kumi tu, asubuhi, kwenye barabara ya Lumumba ambako si mlima mkali, kisha dakika kumi na tano, kisha nusu saa. Kipimo changu ni sauti: kama naweza kuongea lakini siwezi kuimba wimbo wa kwaya bila kukatika, basi mwendo ni sawa. Kama hata kuongea nashindwa, napunguza. Wataalamu wanashauri waliotibiwa kansa wafikie nusu saa mara tatu kwa wiki, na mazoezi ya nguvu mara mbili. Kufika huko kulinichukua miezi mitatu, na kuna wiki nilizorudi nyuma. Uchovu wa shimio si uvivu. Lakini nimeona kwamba siku ninayotembea kidogo, usiku nalala vizuri zaidi kuliko siku ninayolala mchana kutwa.

Kwa mikono, nilitumia chupa za maji. Wiki za kwanza chupa ya nusu lita kila mkono: kukunja kiwiko mara kumi, kupumzika, kurudia. Mara mbili kwa wiki, na siku za kupumzika katikati. Baadaye chupa ya lita moja. Baadaye lita moja na nusu. Kila nilipoongeza, nilisubiri siku mbili nikiutazama mkono. Nilinunua mita ya fundi cherehani, nikawa napima mikono yote miwili mahali pale pale, juu ya kiganja na juu ya kiwiko. Asiye na mita atumie kamba yenye fundo. Ukikuta tofauti inakua, usiongeze. Rudi ulikotoka, na uonyeshe mtu wa afya.

Leo nabeba bidoni ya lita 5 bila shida. Lita 20 sijabeba, na sina haraka. Begi langu la kazi, lenye mashine ya kurekodi, nalivaa bega la kushoto, mkanda usikate kwenye kwapa la kulia.

Kabla hujaanza, na wakati wa kusimama

Mimi ni mwandishi wa habari, si daktari. Haya nimeyauliza kwa madaktari na watu wa kine, nami nawapa kama walivyonipa.

Kama kidonda hakijafunga au mrija wa kutoa maji bado uko, fungua na kufunga ngumi, kunja kiwiko, zungusha mabega, wala usipandishe mkono juu ya bega mpaka aliyekupasua akuruhusu. Mzigo mzito subiri wiki nyingi. Kama bado uko kwenye shimio, uliza hali ya damu yako kwanza, kwa kuwa damu inaweza kupungua. Baadhi ya dawa, kama ile nyekundu wengi wanayoifahamu, zinaweza kuchosha moyo. Nyingine zinafisha ganzi miguuni, na mtu asiyehisi vizuri nyayo zake atateleza kwenye matope yetu ya mvua. Huyo atembee mahali pa tambarare, na viatu vya kufunga. Vidonge vingine vya miaka mitano vinaweza kudhoofisha mifupa. Anayevinywa aulize kabla ya kuinama na mzigo mgongoni.

Simama mara moja ukihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi kukatika hata ukiwa umekaa. Maumivu mapya ya mfupa, hasa ya mgongo, yasiyotulia usiku, usiyafanyie mazoezi, nenda ukapimwe. Na mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na una homa, hiyo si ya kungojea kesho: ni vidudu vimeingia, unahitaji dawa siku hiyo hiyo. Ndiyo maana tunalinda ngozi ya mkono ule. Shika sufuria ya kwenye mbabula kwa kitambaa kizito, na ukijikata unapomenya mihogo, osha kwa maji na sabuni mara moja.

Kwa nyumba iliyompokea

Sasa narudi kwa mama wa Kalehe. Jibu langu ni ndiyo, mama, mkono wako utafanya kazi tena. Wanaosema ukae nao hivyo mpaka kufa, wanakupenda lakini wamekosea. Anza na chupa ya nusu lita. Lakini bidoni ya lita 20 leo, hapana, na pengine kwa mwaka mzima, hapana.

Najua utaniuliza: kama si mimi, nani? Hapo ndipo nazungumza na wengine wa parsele. Mwanamke aliyekimbia, anayelala kwa watu, anaogopa kukaa bila kazi asije akaonekana mzigo. Kwa hiyo anabeba kupita nguvu zake, na titi alilokatwa amelificha chini ya kitenge, hakuna anayejua. Baba wa nyumba, na ninyi vijana wa miaka kumi na minane mnaokaa barazani, bidoni hiyo ina mpini, na mpini hauchagui mkono wa mwanamke. Mpeni yeye bidoni ndogo ya lita moja au mbili, aende na wenzake robineni, atembee, aongee, arudi. Hiyo ni dawa yake. Ile kubwa chukueni ninyi.

Mwenye nyumba wangu aliniuliza juzi ni lini nitapaka chokaa kufuta ile mistari ya makala ukutani. Nimemwomba aniachie mpaka mwisho wa mwaka. Wa juu kabisa bado haujafikia ule ninaoufikia kwa mkono wa kushoto. Umebaki upana wa vidole vinne.

Wenye maswali, andikeni kwenye simu ya studio kama kawaida. Nitayapeleka kwa watu wa kine, na majina yenu sitayataja.