Jumatatu Isiyo na Watu

London

Kwenye mlango wa friji, katika nyumba moja ya kusini-magharibi mwa jiji hili, zimebandikwa kalenda tatu. Ya kwanza ni ya shule ya watoto. Ya pili ni ya zamu za baba, dereva wa basi, mzaliwa wa Langoni, Amu (Lamu). Ya tatu ni ya Kiislamu, zawadi ya msikiti wa mtaani, na pale palipochapishwa Rabiul-awwal mama ameandika kwa kalamu "Mfungo Sita", maana huko Siyu alikolelewa mwezi huo hauna jina jengine. Kwa wiki mbili nzima wazazi hawa wamezikodolea macho kalenda hizo wakitafuta kitu ambacho mtu wa Amu hazoei kukitafuta: siku ambayo watu hawapo.

Watoto wanataka rola kosta. Kwa msomaji wa nyumbani ambaye hajaiona, ni treni ndogo isiyo na paa, inayovutwa taratibu hadi juu ya kilima cha chuma kisha ikaachiliwa iporomoke, ipinduke, na iwarudishe abiria walipoanzia wakiwa wamekauka sauti. Uingereza ina bustani kadhaa za burudani ya namna hii. Alton Towers, kaunti ya Staffordshire, ilianza kazi hiyo mwaka 1980. Thorpe Park, kaunti ya Surrey, ilifunguliwa mwaka 1979 katika machimbo ya kokoto yaliyojazwa maji, hata ikawa kama kisiwa. Tangu Mei 2024 ina rola kosta iitwayo Hyperia, yenye urefu wa mita 72 hivi, ndefu kuliko zote nchini. Mnara wa msikiti wa Shela ukiwekwa pembeni yake utaonekana kama mshumaa.

Tatizo si urefu. Tatizo ni foleni. Miaka miwili iliyopita baba huyu aliwapeleka watoto kwenye bustani moja (jina lake tuliache) Jumamosi ya Agosti, jua likiwaka. Walisimama dakika 100 ili wapige mayowe kwa dakika mbili. Mtoto wa mwisho alilala begani kabla zamu haijafika, na alipofikishwa mbele akapimwa kwa fimbo, akaambiwa hajatimiza kimo.

Dereva wa basi si mtu wa kukubali kushindwa na ratiba. Zaidi ya hayo, babake alikuwa nahodha wa mashua za Faza, na mtoto wa nahodha hukua akijua kwamba safari haiamuliwi na nahodha. Enzi hizo Mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, ulikuwa haupitiki ovyo: maji yakipwa, chombo chenye shehena kilikaa mchangani kingoje. Kila siku maji hujaa kwa kuchelewa takriban dakika 50 kuliko jana, na mwezi ukiandama au ukikamilika huja bamvua. Mambo hayo hayakuandikwa kwenye karatasi yoyote nyumbani kwao, yalikuwa kichwani. Kwa hiyo alilolifanya London ni lile lile: aliketi kuhesabu maji ya watu, yanajaa lini na yanakupwa lini.

Mwezi unaoyavuta maji hayo ni shule. Watoto wa England wanapofunga shule, kuanzia mwisho wa Julai hadi mwanzo wa Septemba, bustani hufurika. Hufurika tena katika zile likizo fupi za katikati ya muhula, na mnamo Oktoba, Thorpe Park inapojipamba kwa mazimwi ya Halloween. Wakati wa baridi kali bustani hiyo hufungwa kabisa. Kinachobaki ni siku za juma katikati ya muhula, na hapo ndipo serikali imeweka bawabu.

Bawabu huyo ni faini. Tangu Agosti 2024, mzazi wa England ambaye mtoto wake amekosa siku tano za shule bila ruhusa anaweza kutozwa pauni 80 akilipa ndani ya siku 21, na 160 akichelewa. Na hiyo ni kwa kila mzazi na kwa kila mtoto. Kesi iliyolipa jambo hili umaarufu ilihusu bustani ya burudani yenyewe. Mwezi wa Aprili 2015, Jon Platt wa kisiwa cha Wight alimpeleka binti yake Walt Disney World, Florida, mtoto akakosa siku saba za masomo. Akatozwa pauni 60, akakataa. Ikawa 120, akakataa tena. Alishinda mahakama ya chini, akashinda Mahakama Kuu, na tarehe 6 Aprili 2017 Mahakama ya Juu kabisa ikamgeukia, majaji wote kwa kauli moja. Kisiwa dhidi ya ratiba! Pale msikitini, wazazi wa pwani bado humtaja kama mtu aliyejaribu kupita Mkanda maji yamekupwa.

Ni kweli kwamba siku moja pekee haileti faini. Lakini huandikwa kwenye rekodi ya mtoto, na huyu mama wa Siyu hataki wino wowote kwenye rekodi ya wanawe. Idi nayo ina ruhusa; mtoto wa Kiislamu hukubaliwa kukosa shule siku ya sikukuu yake ya dini. Walijaribu. Wakakuta nusu ya msikiti iko kwenye geti la bustani, kanzu na mabuibui hadi kwenye maegesho, kila mtu akimwambia mwenzake Idi mubarak na kila mtu akiwa amepiga hesabu ile ile.

Jawabu lilitoka kwa jirani, bibi mmoja wa Kijamaika aliyelea wajukuu sita: ingojeeni siku ya walimu. Shule za England huwa na siku tano kwa mwaka ambapo walimu huenda mafunzoni na wanafunzi hubaki nyumbani. Wakongwe bado huziita siku za Baker, kwa jina la Kenneth Baker, waziri wa elimu aliyezianzisha mwishoni mwa miaka ya 1980. Uzuri wake ni kwamba shule nyingi hujipangia tarehe zao. Mtoto wako yuko huru kihalali, na wa mtaa wa pili yuko darasani anafanya hesabu za sehemu. Shule ya watoto hawa ilikuwa imeweka ya kwake Jumatatu moja ya Juni.

Wengine wameifanya hesabu hii ya kukwepa foleni kuwa elimu ya chuo. Mmarekani Len Testa aliishughulikia hesabu ya foleni za Disney katika tasnifu yake ya shahada ya pili ya kompyuta: mtu atembelee michezo yote kwa mfuatano upi ili asimame muda mfupi kabisa? Baadaye yeye na wenzake wakaunda kalenda inayoipa kila siku alama ya msongamano, kuanzia 1 hadi 10. Orlando, ziliko bustani za Disney za Florida, hufurika kupita kiasi kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Hupungua watoto wa Marekani wanaporudi shuleni, kuanzia mwisho wa Agosti hadi Septemba, na sababu nyingine ya kupungua huko inajulikana: ni msimu wa vimbunga, unaohesabiwa kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba. Nafasi ipo kwa sababu mbingu zina neno.

Ghuba wana hesabu yao. Binamu wa dereva huyu anakaa Dubai, na kule jua ndilo kalenda. Joto likipita nyuzi 40, watu hukimbia chini ya paa, ndiyo maana Ferrari World ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2010, na IMG Worlds of Adventure ya Dubai, ya mwaka 2016, zilijengwa ndani ya majumba yenye viyoyozi. Tangu Januari 2022 wikendi ya serikali imehamia Jumamosi na Jumapili, Ijumaa ikabaki nusu siku. Binamu husema wakati mtulivu kuliko wote ni mchana wa Ramadhani. Kisha hucheka, maana ni nani atakayepinduliwa kichwa chini miguu juu hali amefunga?

Turudi kwenye Jumatatu ya Juni. Wingu zito, manyunyu, na upepo ambao Amu ungetosha kufanya mashua ya Kizingitini ipunguze tanga. Walifika nusu saa kabla lango halijafunguliwa saa nne. Umati mdogo uliokuwepo ulivamia mchezo wa kwanza ulioonekana. Wao wakapita moja kwa moja hadi nyuma kabisa ya bustani, kama walivyopanga, ili waanze kule na kurudi mbele polepole. Mchezo wa kwanza walisimama dakika tano. Wa pili, hawakusimama.

Wa tatu ndio uliowafundisha.

Foleni ilikuwa fupi, watu 150 hivi, na haikusogea. Baba alitoa simu, si kupiga picha, bali kuhesabu. Kwenye siku za shughuli, reli hiyo huzungushwa treni tatu, na moja yenye watu 20 huondoka takriban kila dakika moja: watu 1,200 kwa saa. Jumatatu hii walikuwa wameweka treni moja tu. Ikitoka, ikirudi, ikishusha, ikipakia, zimepita dakika tatu. Watu 400 kwa saa. Kwa hiyo 150 waliokuwa mbele yake walimgharimu zaidi ya dakika 20, muda ambao siku ya kawaida ungetosha kuwapitisha 400. Michezo mingine miwili ilifungwa kabisa, na kibanda cha chipsi pia. Wenye bustani nao wanayo kalenda, nao wanajua siku ambayo watu hawapo.

Mtu yeyote aliyewahi kungoja boti Mokowe analijua hili bila kufundishwa. Pale jetini boti ya abiria huondoka ikijaa. Ukifika na basi la Mombasa lililosheheni, unavuka upesi. Ukifika peke yako alasiri, mtulivu, ukijipongeza kwa kuepuka zogo, utakaa juu ya sanduku lako hadi wapatikane wenzako. Uchache wa watu una bei yake, na Mokowe bei hiyo hulipwa kwa saa. Mke wa dereva alimkumbusha mumewe jambo hilo huku manyunyu yakimtona puani, na ikabidi akubali kwamba alitumia wiki mbili kuutafuta upweke ambao nyumbani angeukimbia.

Amu yenyewe ina majira ya kujaa na kupwa kwa wageni. Mwisho wa Disemba Shela hujaa Wazungu na watu wa Nairobi. Novemba kuna tamasha la utamaduni, mbio za punda na za mashua. Mvua za masika zikianza Aprili hadi Juni, nyumba nyingi za wageni hufungwa, mafundi huingia kupaka chokaa, na Ndia Kuu hubaki na wenyewe na punda wao. Mawakala wa utalii huuza kimya hicho kwa bei nafuu, na wanaokipenda hukisifu. Hawajakosea.

Ila mtu wa Amu aliye ng'ambo hapangi kurudi nyumbani masika. Hupanga kurudi Maulidini, juma la mwisho la Mfungo Sita, wakati mji unapokuwa hauna pa kuweka mguu: wageni kutoka Tanzania, Komoro na pwani nzima, matwari ya Riyadha, zefe inayoelekea msikiti alioasisi Habib Swaleh, kirumbizi kikichezwa, na kila ukumbi umetandikwa mikeka ya wanaolala. Mwezi huo hutangulia takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2025 juma hilo liliangukia Septemba, shule za England zimeshafunguliwa, na familia hii ikabaki kutazama Maulidi kwenye simu. Lakini kalenda tatu za pale frijini zikiwekwa pamoja, zinaonyesha jambo: mwaka 2027, Mwenyezi Mungu akipenda, juma la mwisho la Mfungo Sita litaangukia mwisho wa Agosti. Likizo. Hakuna faini, hakuna wino kwenye rekodi. Tiketi za ndege zitakuwa ghali, maana kila mzazi wa pwani aliye Uingereza ameliona hilo, na huko Langoni bibi wa watoto hawa ameshaanza kuhesabu magodoro.

Bibi huyo ndiye aliyepigiwa simu jioni ya Jumatatu ile ya bustani. Watoto walikuwa wamelala kwenye treni ya kurudi, nywele zimelowa, wamepanda michezo 11 kwa siku moja. Baba alikuwa na fahari ya nahodha aliyevuka Mkanda bila kugusa mchanga. Tangu mwanzo bibi hakuielewa safari hii. "Muende mahali mukiomba watu wasije?" aliuliza wiki iliyotangulia. "Kwani mumekosana nao?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, huko bustanini kulikuwaje?"

"Salama, mama. Twashukuru. Watu walikuwa hawako kabisa."

Simu ilinyamaza kidogo, kisha ikasikika sauti ya mtu anayetoa rambirambi.

"Poleni, wanangu. Inshallah mara ya pili watakuja."