Tochi, Timazi na Ndege ya Mzee Jirani

Bawa la kushoto lilitoka gerejini Jumamosi moja asubuhi, na hiyo ndiyo siku mtaa ulipojua. Kwa miaka minne jirani yangu hapa Erdington, kaskazini mwa Birmingham, alikuwa anajenga ndege nyuma ya mlango wa gereji uliofungwa, katikati ya friji mbovu na baiskeli za wajukuu. Mama wa nyumba ya tatu aliniambia siku ile kwamba muda wote huo alidhani yule mzee anachonga makabati.

Mimi nilijua mapema, kwa sababu ya masikio. Baba yangu alikuwa fundi bati Gerezani, Dar es Salaam. Alitengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni, ndoo na majiko ya mkaa, na mlio wa bati linapobanwa kwa ribiti umo kichwani mwangu tangu utotoni. Nilikuwa natoka zamu ya usiku, baridi ya Februari inauma, nikausikia ule mlio unatoka kwa jirani. Nikagonga. Akafungua mtu wa miaka sabini na kitu, miwani kaipandisha kwenye paji la uso, akanitazama kama mtu aliyekuja kudai deni. Nikamwambia baba yangu alikuwa fundi bati. Akanipa glavu.

Tangu hapo namwita Mzee. Aliniuliza maana yake, nikamweleza, akaipenda mno; siku hizi hata kadi ya Krismasi anaisaini hivyo.

Ndege yenyewe ni RV-12, viti viwili, alumini mwili mzima. Inakuja kwa masanduku kutoka Aurora, Oregon, kule Marekani, matundu yakiwa yameshatobolewa kiwandani. Injini ni Rotax 912 ya Austria, nguvu farasi 100. Ikishapakia watu, mafuta na mizigo haitakiwi kuzidi kilo 599, maana yake ni nyepesi kuliko Vitz isiyo na mtu ndani. Bei? Ukijumlisha injini na vyombo vyake, unajenga nyumba ya maana Kibaha, na ukuta juu.

Kazi yangu ilikuwa kushika. Kabla ya ribiti huwekwa vibanio vidogo vya chuma, mamia kwa mamia, vinalishikilia bati kwenye mbavu za bawa. Ukimaliza mstari unavitoa kimoja kimoja na kuweka ribiti. Ubavu wenyewe ukiubonyeza kwa kidole gumba unapinda. Baba angecheka. Yeye alikuwa na kipimo kimoja tu cha kazi nzuri: anapanda juu ya sanduku na kusimama.

Jumapili moja akaja mtu mwingine, ameshika tochi na kioo kidogo chenye mpini, kama kile cha daktari wa meno. Hakuwa askari wala ofisa wa serikali. Alikuwa mkaguzi wa LAA, chama cha ndege nyepesi cha Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1946 na chenye ofisi zake kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Turweston. Mamlaka ya usafiri wa anga ya huku imekikabidhi chama hicho kazi ya kusimamia ndege zinazojengwa majumbani. Unasajili mradi wako, unapewa namba, na kwenye kila hatua mkaguzi anakuja, anaangalia, anasaini. Bawa halifungwi kabla ndani yake hakujaonekana. Mfumo wa usukani, yaani kila fimbo, waya na bolti inayogeuza ndege, unakaguliwa na watu wawili mbalimbali, kila mmoja kwa macho yake na saini yake. Na sharti moja lilinifurahisha: zaidi ya nusu ya kazi lazima iwe ya mikono ya mjenzi mwenyewe. Ukimlipa fundi akujengee, umetoka kwenye mpango.

Huyu wetu hakuwa msemaji. Alikunywa chai, akatandika boksi sakafuni, akalala chali chini ya bawa kama fundi wa Kariakoo chini ya Hiace, akaanza kupitisha tochi mstari kwa mstari. Karibu na ncha ya bawa akasimama. Tundu moja lilikuwa limekataa ribiti, Mzee akalitoboa upya, drili ikateleza, tundu likatoka na umbo la yai. Kwa nje huoni kitu. Ribiti imekaa, inang'aa kama wenzake. Mkaguzi akauliza swali moja tu: hili lilifanyika lini? Mzee, mtu aliyechonga vyuma viwandani maisha yake yote, ambaye mama yake alipiga ribiti za Spitfire pale Castle Bromwich wakati wa vita, akajishika kichwa kama mtoto aliyefumaniwa na kopo la sukari. Ilibidi kwanza aandike kuomba ruhusa ya kuweka ribiti kubwa zaidi, jibu lije, ndipo tuitoe ile ya zamani. Ribiti moja ilitula wiki mbili.

Ilikuwa jioni ya Jumapili hiyo ya ukaguzi mdogo wangu aliponitumia, kwa mara ya tatu au ya nne, video ya Adam Kinyekile, fundi wa Tunduma aliyevuma mwaka 2019 kwa helikopta aliyoiunda mwenyewe. Chini ameandika: "Shikamoo kaka. Huyu angekuwa Ulaya, angekuwa mbali sana."

Kauli hiyo nimeisikia tangu nikiwa na kaptula. Na akina Kinyekile si haba. Uganda, Chris Nsamba na wenzake walikuwa wakiunda ndege waliyoiita African Skyhawk kwenye uwanja wa nyumba ya mama yake, Ntinda, Kampala. Mwaka 2011 dunia nzima ilipeleka kamera pale. Kenya kuna Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtu wa kompyuta, aliyejifunza kwenye intaneti, akafunga injini ya Toyota kwenye ndege ya kujiundia, ikagoma, akaunda nyingine. Juba yuko George Mel, naye na ndege yake ya kujiundia. Nawavulia kofia wote, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Nimeshika bati la ndege kwa mikono yangu, tena lililotobolewa tayari na kitabu cha maelekezo pembeni, na bado tulikosea. Mtu anayeanza na bomba la chuma na injini ya gari chakavu ana kichwa ambacho mimi sina.

Lakini zitazame tena picha zao. Ninazozikumbuka mimi zina umati: watoto juu ya ukuta, vijana na simu, mwandishi wa habari na kipaza sauti, wakati mwingine mheshimiwa anayeahidi. Natafuta mtu mmoja aliyelala chini ya kile chombo na tochi, simwoni. Huenda alikuja siku nyingine. Ila umati ndio uliofika kwanza, na umati hauulizi tundu hili lilitobolewa lini. Umati unasema: rusha!

Nilimjibu mdogo wangu hivyo, akanuna siku mbili.

Wala tusidanganyane kwamba Waingereza walizaliwa na tochi mkononi. Nendeni Coventry, kwenye jumba la makumbusho la ndege lililo pembeni ya uwanja wa Baginton, si mbali na Birmingham. Mle kuna kidude kinaitwa Pou-du-Ciel, yaani chawa wa angani. Waingereza wakakiita kiroboto. Aliyekibuni ni Mfaransa, Henri Mignet, ambaye hakuwa na shahada yoyote ya ndege. Mwaka 1934 alitoa kitabu akisema anayeweza kupigilia sanduku la mbao misumari anaweza kujenga ndege. Kitabu kikatafsiriwa, na mwaka 1935 Waingereza wakapagawa. Wakajenga mabandani, sebuleni, kwa mbao, kitambaa na injini za pikipiki, na watu wakajaa viwanjani kuwatazama. Ungewaweka Tunduma usingejua tofauti.

Mwaka 1936 wakaanza kufa. Kiroboto kilikuwa na mabawa mawili, moja mbele na juu, jingine nyuma yake kidogo na chini, yamekaribiana. Pua ikiinama sana, rubani anavuta usukani ili ainuke. Bawa la mbele linabadilisha pembe, na upepo unaopenya kwenye ule mwanya mwembamba unalipa bawa la nyuma nguvu zaidi. Mkia unapanda, pua inazidi kuzama. Kadiri unavyovuta ndivyo unavyoizamisha. Hakuna fundi seremala ambaye angeliona hilo kwa macho. Lilionekana walipokiingiza kiroboto kizimakizima kwenye chumba cha majaribio ya upepo kule Farnborough, na Wafaransa wakafanya hivyo kwao. Vibali vya kuvirusha vikasimamishwa. Lakini kile kibali chenyewe, kilichobuniwa kwa ajili ya viroboto kwa sababu havikuweza kupata cheti cha ndege za kawaida, hakikuzikwa navyo. Kibali cha kuruka ambacho Mzee amekipigania miaka minne ni mjukuu wake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mdogo wangu. Yeye anadhani huku kuna akili au fedha. Fedha zipo, sikatai. Ila kilichokuja gerejini kwetu Jumapili ile kilikuwa mzee mwingine mstaafu, aliyeendesha gari lake mwenyewe, akalipwa mafuta na chai.

Nyumbani watu wa namna hiyo wapo, na si wachache. Pale Wilson, Nairobi, kuna mahanga yamejaa mafundi wanaozifungua na kuzifunga ndege ndogo kila siku, na klabu ya marubani ya Afrika Mashariki ipo tangu 1927. Mabibo, Dar es Salaam, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kinafundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege. Morogoro wanaunganisha Skyleader 600, ndege ya watu wawili yenye asili ya Ucheki; ni jamaa wa karibu wa hii ya Mzee. Mwaka 2019 kundi la wanafunzi wa Afrika Kusini waliunganisha ndege ya Sling 4, wakisimamiwa na wenye kazi yao, ikaruka kutoka Cape Town hadi Cairo, njiani ikatua na Zanzibar. Kutoka Mabibo hadi Gerezani ni nauli ya daladala moja au mbili. Ninachotaka kujua ni nani ameshaipanda daladala hiyo akiwa na tochi mfukoni, bila barua ya kumzuia fundi asirushe na bila kamera.

Na mazuri ya kwetu yapo, msinielewe vibaya. Hapa Mzee alikuwa peke yake kiasi cha kutisha. Miradi mingi ya namna hii hufia gerejini: mwenyewe anachoka, anaugua, anaachika, bawa linauzwa na vumbi lake. Gerezani fundi akikwama kwenye bolti, watu watatu wanaacha kazi zao kuja kubishana naye. Mzee akikwama alikuwa anazima taa anaingia ndani. Mkewe aliwahi kuninong'oneza kwamba mwaka wa pili Mzee alikuwa anafunga mlango wa gereji kwa wiki nzima, halafu ananiona mimi napita na begi la kazi, anaufungua.

Siku niliyoipenda kuliko zote ni ya kupima uzito. Tulishaihamishia ndege Halfpenny Green, magharibi ya jiji, kwenye hanga la kupanga. Milango ikafungwa, kwa sababu hata upepo mwepesi unaweza kulinyanyua bawa kidogo na mizani ikadanganya. Mizani tatu, moja chini ya kila gurudumu. Ndege ikalazwa sawa kwa pimamaji. Halafu mkaguzi akatoa mfukoni kitu ambacho sikutegemea kukiona: timazi. Uzi na kipande cha shaba, ileile anayoitumia mwashi wa Mbagala kunyoosha ukuta. Akaining'iniza kwenye ukingo wa mbele wa bawa, akasubiri itulie, akaniambia nitie alama ya chaki sakafuni. Kutoka kwenye alama hadi kwenye magurudumu tukapima kwa futi ya utepe. Umbali mara uzito, unajumlisha, unagawanya, unapata mahali uzito wote wa ndege umekalia. Ukisogea nyuma kupita kiasi, ndege haitawaliki. Nilipiga hesabu ile mara mbili kwenye simu yangu. Ni hesabu ya kidato cha pili.

Nikawaza habari za ndege zetu za nyumbani, zinavyotaja injini ilitoka gari gani, na siku ngapi fundi hakulala. Uzito hauandikwi.

Aliyeirusha mara ya kwanza hakuwa Mzee. Alikuwa rubani mwenye saa nyingi, aliyeidhinishwa kwa jaribio hilo. Mzee alisimama kwenye nyasi, mikono mfukoni, koti limefungwa hadi kidevuni. Tulikuwa wanne: yeye, mkewe, mkaguzi na mimi. RV-12 ikakimbia, ikainuka mapema kuliko nilivyodhani, ikageuka kushoto juu ya mashamba, ikazunguka kiwanja, ikarudi. Dakika ishirini hivi. Hakuna aliyepiga makofi. Injini ilipozimwa Mzee alikwenda moja kwa moja kufungua kifuniko cha mbele, akachomeka tochi, akaanza kutafuta oili inakovuja.

Nilikuwa nimeichukua video yote. Nikamtumia mdogo wangu nikiwa bado pale nyasini. Akaitazama, nikaona alama mbili za buluu, halafu kimya kidogo, halafu jibu:

"Mbona hakuna watu?"