Chini ya Miembe ya Katuba

Mkitoka katikati ya Lubumbashi, mji ulioanzishwa mwaka 1910, mkafika Katuba kwa miguu, acheni barabara ya lami mfuate avenyu ndogo. Kelele za magari hubaki nyuma. Karibu katika kila lupango mtaona mwembe au mparachichi. Chini yake mama anauza makala kwa mafungu, watoto wanarudia masomo, wazee wanaamua ugomvi wa majirani. Mgeni hapiti bila kusalimiwa. Ni kijiji ndani ya mji. Napenda kukiita hivyo, ingawa wenye haraka watanicheka.

Lakini mzazi akifa, warithi hugawana lupango, na mwembe hukatwa ili vijengwe vyumba vya kupangisha. Siwalaumu: kodi hiyo hulipa masomo ya watoto. Hata hivyo, misitu ya miombo nayo inazidi kusogea mbali na mji kwa sababu ya makala tunayopikia. Juma lililopita nilipita penye kilio. Vyumba vilikuwa vimejaza nafasi yote. Waombolezaji waliketi barabarani juani, wakihamisha viti kila gari lilipopita.